Kabla Hujabonyeza IRE na Kiswahili



Ndugu yangu, dada yangu, wewe uliyepata C+ kwenda juu na unataka kuwa mwalimu, haya ni yako. KUCCPS wakifungua mfumo kila mtu anakimbilia saiba, na kwenye kile kiti cha saiba hakuna muda wa kufikiri. Foleni iko nyuma yako, kijana wa saiba anakuuliza, "Unaweka nini?", nawe unatoa jibu ambalo limekaa mdomoni tangu Kidato cha Pili. Kwa wengi wetu huku Pwani jibu hilo ni IRE na Kiswahili. Kama si hiyo, IRE na Historia. Na kama madrasa ilimkolea mtu sawasawa, basi IRE na Kiarabu.

Sina ugomvi na IRE, na nitaieleza huko mbele. Lakini kwanza nikupe kisa.

Miaka miwili iliyopita tuliweka meza kwenye ukumbi wa madrasa moja Kisauni, tunasaidia vijana kujaza maombi bure manake saiba zilikuwa zinawakamua. Akaja binti na mamake. IRE alikuwa na A, Kiswahili B+, Hisabati B, Fizikia B-. Nilipoiona ile B ya Hisabati nilitabasamu peke yangu. Shule aliyotoka naijua. Kupata B ya Hisabati pale ni kuteka maji kwa pakacha na ukafika nayo nyumbani.

Nikamuuliza anataka kufundisha nini. Kabla hajafungua mdomo, mamake akajibu: "Mwandikie IRE na Kiswahili. Ndiyo masomo ya mtoto wa kike, tena atapata shule hapa karibu." Binti akanitazama kidogo, kama mtu anayengoja usemewe neno. Nikaandika. Sikusema kitu. Niliogopa kuonekana nampinga mzazi mbele ya mwanawe, na nyuma yao kulikuwa na watu kama thelathini wananingoja.

Makala haya ni yale maneno niliyoyameza siku ile.

Tuanze na hesabu ndogo tu. Mwalimu wa sekondari Kenya husomea masomo mawili ya kufundisha, na TSC haikusajili mpaka uwe na C+ ya jumla na C+ katika kila moja ya hayo mawili kwenye KCSE. Sasa chukua shule ya kawaida yenye madarasa manne kila kidato. Hisabati inasomwa na kila mtoto, kila wiki, kutoka siku ya kwanza anapoingia getini mpaka siku anayotoka na sanduku lake. IRE inasomwa na Waislamu, na wakifika madarasa ya juu ni wale walioichagua tu. Shule hiyo ikiwa na walimu wawili wa IRE imeshiba. Walimu wawili wa Hisabati hawamalizi hata wiki, watakuwa wanakimbia darasa hadi darasa mpaka mmoja aombe uhamisho.

Usiniamini mimi. Siku TSC ikitangaza nafasi za sekondari, fungua ile orodha inayoonyesha shule na masomo yanayotakiwa, shuka mpaka kaunti yako, kisha hesabu kwa kidole: ngapi zinataka IRE, ngapi zinataka Hisabati, Fizikia, Kemia. Halafu angalia zinazotaka IRE na Kiarabu pamoja. Dakika kumi tu, na utakuwa umejua jambo ambalo watu huja kulijua baada ya miaka minne ya chuo na mitatu ya kukaa nyumbani.

Lakini mimi sikuja kukuuzia soko la ajira. Soko hubadilika, na ukichagua somo kwa sababu ya mshahara peke yake watoto watakujua wiki ya kwanza. Ninachotaka kukuonyesha ni kipindi kitupu.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu mwalimu wetu wa Hisabati alihamishwa muhula wa kwanza. Alikuwa mtu wa bara, mpole, anaandika ubaoni kwa mistari iliyonyooka kama imepigwa rula. Hakuja mwingine mpaka muhula wa tatu, na aliyekuja alikuwa kijana wa kuajiriwa na bodi, amemaliza Kidato cha Nne mwaka uliotangulia, kazi yake kutoa hesabu kitabuni na kuzipandisha ubaoni. Wakati huohuo IRE tulikuwa na walimu wawili, Allah awalipe kheri. Kipindi cha Hisabati kikiwa wazi mmoja wao alikuwa anaingia kutuhadithia sira. Tulifurahi sana. KCSE ilipokuja furaha ikapungua. Mimi IRE nilipata A-, Hisabati D, na ile Kemia niliyotaka kuja kuifundisha ikaenda na maji, manake Kemia ya Kidato cha Nne bila hesabu ni ushairi tu. Nikasomea diploma ya maendeleo ya jamii. Kazi naipenda, alhamdulillah. Ila sikuichagua, ilichaguliwa na kiti kilichokuwa wazi kwenye chumba cha walimu.

Hiyo ni Pwani. Kaskazini Mashariki habari ni nzito zaidi, na lazima tuizungumze bila kupindapinda.

Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilivamiwa na watu 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wanarudi kwao kwa likizo ya Desemba. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. Baada ya hapo TSC iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka sehemu nyingi za Garissa, Wajir na Mandera, na kuna shule zilizobaki na majengo, madawati na kengele. Watu wale walikuja kufundisha watoto wetu. Aliyewaua akidai ni kwa ajili ya dini yetu alimdhulumu mwalimu, na alimdhulumu mtoto wa Kiislamu aliyekuwa amekaa darasani anangoja kipindi. Na usimsahau Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa ndani ya basi karibu na El Wak Desemba 2015, washambuliaji walipotaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Yeye alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki. Mwalimu yule. Allah amrehemu.

Sisi wa harakati tulipiga kelele walimu warudishwe, na tulikuwa na haki. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya elimu, cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 56 kinaitaka serikali iweke mipango maalum kwa jamii zilizoachwa nyuma, elimu ikiwa mojawapo. Usije ukayatumia makala haya kuwaondolea lawama TSC au wizara. Hawajatoka kwenye ndoano.

Lakini kuna swali hatukujiuliza hadharani, na mimi nitalisema hapa. Kwa nini mgeni akiondoka, Fizikia huondoka naye, ila IRE hubaki?

Jibu unalijua. IRE ilikuwa na wenyewe. Fizikia tulikuwa tumeiazima.

Jambo hili si geni kwetu. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya Ulum al-Din kwamba udaktari na hesabu ni fardhi kifaya. Fardhi kifaya unaijua tangu madrasa: mfano wake ni sala ya jeneza, wakiifanya wa kutosha wengine wamesameheka, asipoifanya mtu yeyote mji mzima unabeba dhambi. Hesabu akaieleza kwamba watu wanaihitaji kwenye biashara zao na kwenye kugawa wasia na mirathi. Kisha akalalamika kuwa kuna miji ambayo haina tabibu Mwislamu hata mmoja, na bado watu wanajazana kwenye fiqhi ambako tayari kuna wengi. Naye mwenyewe alikuwa faqihi mkubwa! Hakusema fiqhi ni mbaya. Mimi namwelewa kama nahodha anayewaambia abiria wake: mmekaa wote upande mmoja wa jahazi.

Hapa naomba nichomoe jambo dogo linalonikera. Kila kongamano la elimu la Waislamu lazima mtu asimame atukumbushe Al-Khwarizmi na aljebra. Takbir inapigwa, watu wanakunywa soda, tunaenda nyumbani. Al-Khwarizmi alifariki zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Hawezi kuja Garsen Jumatatu saa mbili asubuhi kufundisha Kidato cha Pili.

Na hapa kwetu tulishaonywa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwaandikia Waislamu wa Mombasa katika gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na baadaye Al-Islah, akiwakemea kwa kulala huku wenzao wakisoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikafunguliwa Tudor chuo cha ufundi kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, watu wakikiita MIOME. Ndicho leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee wale walijua pengo liko wapi. Sisi wajukuu tunapita nje ya geti lile kwa tuktuk kila siku, tukienda kujaza fomu ya IRE na Kiarabu.

Najua utaniambia: "Lakini mimi nataka kuitumikia dini." Vizuri. Sasa nikuulize, nani amekwambia dini imefungiwa kwenye somo lenye jina la dini?

Chukua sehemu za mirathi zilizotajwa ndani ya Qur'an: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi, sudusi. Hizo ni sehemu zilezile zinazowatoa watoto jasho. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mke thumuni, mama sudusi. Jumlisha: 3/24 na 4/24, ni 7/24. Iliyobaki ni 17/24, inagawanywa mafungu matatu, mawili ya kijana na moja la binti. Binti anapata 17/72 na kakake 34/72. Mwalimu wa Hisabati anayeijua hesabu hii amefundisha sehemu, kigawe kidogo cha shirika na uwiano kwa kipindi kimoja, na binti wa nyuma kabisa darasani amejua haki yake ni kiasi gani siku ami zake watakapokaa kugawa shamba. Niambie huyo hajaitumikia dini.

Kisha kuna jambo ambalo ukifanya kazi yangu unaliona kila muhula. Simu tunazopigiwa na wanafunzi zinafanana: tumezuiwa kwenda Ijumaa, tumeambiwa tuvue hijabu, daku hatupewi jikoni, tumelazimishwa kuingia ibada ya Jumapili. Tunaandika barua. Tunataja Kifungu cha 32, kwamba hakuna mtu wa kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Kesi ya hijabu tulishinda Mahakama ya Rufani mwaka 2016, halafu Januari 2019 Mahakama ya Juu ikauondoa uamuzi ule, na ninyi mnajua tangu hapo tunahangaika shule moja baada ya nyingine. Sasa nikwambie siri ya ofisini kwetu. Mara nyingi kinachomaliza jambo si barua. Ni mwalimu mmoja Mwislamu aliyeko mle ndani, anayekunywa chai na naibu wa mkuu wa shule, akasema taratibu, "Hebu tuwape hicho chumba cha nyuma, dakika kumi tu, mimi nitawasimamia."

Mwalimu huyo akiwa wa Kemia neno lake lina uzito zaidi, kusema ukweli. Shule inamhitaji. Wala hakuna atakayesema anatetea kipindi chake.

Basi nani aende IRE? Aende anayeipenda na aliye tayari kwenda inakohitajika. Hapa sifanyi mzaha. Katika sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, elimu ya dini ni somo la lazima kwa kila mtoto. Sasa fikiria mtoto wa Kiislamu katika shule ya bara ambako wako saba tu, na mwalimu wa IRE hakuna. Ataketi CRE, ataandika majina ya mitume kumi na wawili wa Yesu, na atapata alama nzuri. Si chuki ya mtu, ni kwamba hakuna wa kumfundisha. Anayesoma IRE akiwa amejipanga kufundisha Mumias, Nakuru au Nanyuki, huyo nampigia saluti na namwombea dua. Ila anayesoma IRE akitarajia shule iliyo dakika tano kutoka kwao Old Town, au Majengo, au Bondeni, huyo anajiunga na foleni, na mbele yake kuna watu wamehitimu kabla hajaingia sekondari.

Kiswahili nacho, neno moja. Usidhani kwa kuwa umezaliwa Lamu basi Kiswahili umekimaliza. Ngeli haziulizi babu yako alikuwa nani. Nimeona mtoto wa Kitui akimpiga mtoto wa Kizingitini kwa alama ishirini, na yule wa Kizingitini akabaki kusema mtihani umesahihishwa vibaya. Kama unakipenda kwa dhati, kisome. Kama unakichagua kwa sababu hukihofii, hiyo ni sababu nyingine.

Nini kingine? Kiingereza kimesahaulika kabisa kwetu, na ndicho kinachobeba karibu mtihani wote: mtoto anakosa swali la Biolojia akijua jibu, kwa sababu hakulielewa swali. Biashara na Jiografia nazo zipo. Na wewe mwenye C+ ya Hisabati unayeogopa Fizikia, sikiliza: si lazima uzibebe pamoja. Kuna vyuo vinavyokuruhusu Hisabati na Biashara, au Hisabati na Jiografia. Uliza kabla hujajaza. Watu wengi hawajui hata kwamba mlango huo upo.

Uliyekosa C+ katika somo unalolitaka, na bado moyo uko huko, unaweza kurudia kama mtahiniwa wa kibinafsi. Lakini angalia kalenda. Darasa la mwisho la 8-4-4 linafanya KCSE mwaka 2027. Usikae ukisema mwakani, mwakani.

Sasa ile hofu ya mama yule, na ni hofu ya mama yangu pia: atapelekwa mbali. Ndiyo, inawezekana. TSC ikikuajiri ni mwajiri wa nchi nzima, haijali unafundisha nini. Mwalimu wa IRE pia hupangiwa mbali. Tofauti ni siku unapotaka kurudi: mwalimu wa Hisabati anayeomba uhamisho kuja Kwale anaomba kwenda mahali ambapo nafasi yake ipo na mkuu wa shule anamtaka jana. Na ule usemi wa "masomo ya mtoto wa kike" tuuache na wazee wetu kwa heshima. Hakuna kitu kitakachomfundisha binti wa Kidato cha Kwanza kwamba hesabu ni zake kuliko kumwona mwalimu mwenye buibui lake ameshika chaki, anamaliza swali ambalo wavulana wamelishindwa.

Kwa nini nayasema haya sasa na si mwaka jana? Kwa sababu Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, sekondari pevu, na huko kila mtoto anachagua njia: sayansi na hisabati, ile STEM, sayansi za jamii, ambamo IRE imo, au sanaa na michezo. Serikali inataka asilimia 60 waende STEM, na Hisabati ya namna moja au nyingine ni ya wote. Kwenye karatasi mtoto wa Hola ana uhuru uleule wa kuchagua alio nao mtoto wa Nairobi. Lakini shule ikiwa na jina la STEM kwenye orodha ya wizara na haina mwalimu wa Fizikia, mtoto yule hachagui. Atapelekwa sayansi za jamii na kuambiwa ndicho kipaji chake. Miaka kumi baadaye tutaitisha mkutano tuulize mbona hatuna wahandisi bandarini, mbona hatuna madaktari hospitali ya kaunti, na tutamtafuta wa kumshtaki. Mnyororo huo unaanzia kwenye kiti cha saiba, unapoulizwa unaweka nini.

Sikulazimishi. Kuna mtu Hisabati haikai naye hata umfanyeje, na mwalimu asiyelipenda somo lake ni balaa kuliko kipindi kitupu. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujabonyeza, ukumbuke ni kipindi gani kilikuwa kitupu ulipokuwa wewe darasani. Ni mwalimu gani mlikuwa mnamngoja dirishani. Kama alama zako zinakuruhusu kukaa kwenye kiti kile, na unakikwepa kwa sababu tu ustadh alikusifu IRE au shangazi alisema Fizikia ni ya wanaume, kaa tena ufikirie.

Binti yule yuko mwaka wa pili sasa. Anafanya vizuri, na ninamwombea kheri katika njia aliyoandikiwa, au niseme niliyomwandikia. Nilikutana naye Ramadhani kwenye foleni ya mahamri. Ameniambia kila akirudi likizo watoto wa mtaa wanamjia baada ya Asri na madaftari yao. Nikamuuliza wanataka nini, IRE au Kiswahili? Akacheka. "Hesabu," akasema.

Jumamosi hii baada ya Dhuhuri tutakuwa na meza palepale ukumbini Kisauni, na Jumapili asubuhi Likoni. Ni bure. Kuja na slipu yako ya matokeo na namba yako ya mtihani, na kama mzazi anataka kuja, aje, safari hii nimeweka kiti chake. Aliyeshajaza na anataka kubadilisha pia aje, mradi dirisha la marekebisho halijafungwa. Ukiwa Garissa, Isiolo au Lamu tuandikie kwenye kisanduku cha ujumbe, taja alama zako za masomo yote, si yale unayojivunia tu.